Kambale Mwingine

Butembo, siku moja kabla ya safari yako

Masika mwanangu,

Saa hizi uko parokiani unaagana na wanakwaya wenzako, na kama ninawajua vizuri, mtaimba kwanza, mtalia, halafu mtaimba tena. Mama yako ameshuka sokoni kukutafutia vitu anavyodhani havipatikani Beni, ingawa Beni kuna kila kitu. Nyumbani nimebaki mimi, na mvua, na kompyuta yako uliyoiacha mezani ipate moto wa umeme. Nina muda mpaka mtakaporudi. Maneno haya nimejaribu kuyatoa mdomoni kwa wiki tatu yakakataa, basi nayaandika.

Habari za blanketi, dawa ya malaria na mafuta ya mawese atakupa mama yako, tena atakupa mara nne. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukuambia juu ya karatasi moja.

Unakumbuka wiki tatu zilizopita ulipoketi karibu nami na ile fomu ya ufadhili. Nilifurahi kukuona nayo, ingawa sikuonyesha. Bado hata mshahara wa kwanza hujapokea kwenye institut yako mpya, sekondari ya Beni uliyopata kazi, na tayari unawaombea watoto wa Kalunguta masomo ya hesabu na Kifaransa kwenye simu, kwa kuwa shule zao zimefungwa na vita, tena unataka kufanya utafiti ujue kama kweli wanaelewa au wanatikisa kichwa tu. Ukaniuliza swali dogo.

“Papa, hapa banaomba liste ya batu yote benye batakuwa mu projet. Jina, kijiji, na telefone. Niandike namna gani?”

Nikakujibu, “Ngoja kesho, mama, tutaangalia.”

Kisha nikatoka nje kuwapa sungura majani. Sungura walikuwa wamekwisha kula. Uliniona. Kesho yake sikusema kitu, wala siku iliyofuata. Sasa gari lako linaondoka asubuhi, utapita Kalunguta na dosye hiyo, fomu na karatasi zake zote, ndani ya mfuko, na swali lako bado sijalijibu.

Naogopa, Masika. Nalisema mapema ili usidhani naandika kwa hekima. Nikisikia mtu anasema “barabara ya Beni,” nainuka nitoke nje. Sisi sote hapa tunamjua mtu aliyepanda gari asubuhi kwa njia hiyo asifike. Lakini risasi ya porini siyo inayoninyima usingizi zaidi, kwa maana hiyo sikuitengeneza mimi. Ninachokiogopa zaidi ni karatasi yenye majina, kwa sababu hiyo niliwahi kuitengeneza kwa mikono yangu, nikiwa na furaha.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili, wewe ungali mgongoni mwa mama yako. Sisi wa Butembo na Beni tulikuwa chini ya waasi hawa, na kuanzia Kanyabayonga kwenda kusini walikuwa waasi wale. Katikati, huko Lubero, wanajeshi walikuwa wakisonga mbele na kurudi nyuma, hata ukifika kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, huelewi leo ni ya nani. Nilikuwa mwalimu kijana katika institut moja hapa mjini. Institut yetu ilikuwa na kompyuta. Moja, mama. Ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na ufunguo wa chumba chake alikuwa nao mkurugenzi peke yake.

Mimi na Kasereka, yule Kasereka wa duka la misumari, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha jiografia, tulikuwa vichaa wa mashini ile. Tulipanga kuwaleta walimu wa shule za msingi za Alimbongo, huko huko Lubero, wakati wa likizo, wajifunze kuandika masomo yao humo, tuyachape, kila shule ipate vitabu vyake hata barabara ikifungwa. Tulisikia kwamba watu wa ng’ambo wanatoa ufadhili kwa mambo ya namna hiyo. Tukaandika, na fomu ikaja.

Fomu ile! Ilikuwa kwa Kifaransa ambacho sijapata kumsikia mtu aliye hai akikisema. Iliuliza juu ya pérennité, yaani kazi itaendeleaje baada ya miaka mitatu, na sisi hatukujua Ijumaa itakuwaje. Iliuliza phase d’exécution, yaani kazi itafanywa lini. Iliuliza groupe cible, yaani watu tunaotaka kuwafikia, na ikataka orodha ya majina yao, kila mmoja ametia sahihi. Nilijivuna kuyajaza maneno yale. Nilijiona nimeingia kwenye meza ya wakubwa. Juu ya orodha nikachapa kwa herufi kubwa: LISTE DU GROUPE CIBLE.

Cible, wewe unajua, ni shabaha. Ni kile kibao ambacho mwanajeshi anafundishwa kukipiga risasi. Mimi nilijua pia. Lakini fomu ilikwisha kunizoesha, nikawa siioni tena.

Chini ya maneno hayo niliandika majina ya walimu kumi na wawili, na juu yao wote jina la responsable, yaani msimamizi. Hapo ndipo nilipofanya ujanja wangu. Nilisema majina kamili ni hatari wakati wa vita, wacha niandike lile la kuzaliwa tu. Watu wa ng’ambo hawakujua kwamba kwetu Kambale si mtu mmoja. Ni kila mvulana wa pili kuzaliwa nyumbani. Wa tatu ni Kasereka, msichana wa kwanza ni Masika, na kutoka Kanyabayonga hadi Beni sidhani utapata nyumba isiyo na mmoja wao. Basi nikaandika Paluku, Kakule, Kavira, Katembo, bila kitu mbele wala nyuma. Nikamwonyesha Kasereka, nikamwambia,

“Sasa hata bakamate hii karatasi, batatafuta nani? Bakambale biko elfu!”

Kasereka akacheka. Mimi nikacheka kumzidi. Nakuandikia hili la kicheko kwa makusudi, usije ukadhani tulikuwa watu wasiofikiri. Tulifikiri sana, na tulijiona werevu.

Zikabaki sahihi. Mtu mmoja alipaswa kupanda Alimbongo, na ilikuwa zamu yangu. Asubuhi hiyo habari zilikuwa mbaya, watu wa Lubero walikuwa wakiingia mjini na magodoro kichwani. Nikamwambia Kasereka siwezi kwenda, nina kikao na mkurugenzi. Hakukuwa na kikao. Mkurugenzi alikuwa Kampala tangu wiki iliyotangulia, na Kasereka ndiye aliyembebea sanduku mpaka kwenye gari. Alinitazama kidogo, akachukua karatasi, akanipiga begani. “Sawa, ndugu. Fanya kikao yako,” akasema, akaenda.

Walimsimamisha kwenye bariera kabla ya Alimbongo. Yaliyotokea pale alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, mara moja tu. Walipekua mfuko, wakapata karatasi, wakamwita mkubwa wao aliyesoma kidogo. Huyo akasoma taratibu, kidole juu ya mstari.

“Mwalimu, hii groupe cible ni groupe gani?”

“Mukubwa, ni mambo ya masomo tu. Ni bale benye tunataka kusaidia.”

“Unaniona mujinga? Cible ni kitu ya kupiga masasi. Hii ni groupe ya batu ya kupiga cible. Na hapa: ‘exécution, mwezi wa saba.’ Mutaexécuter nani, mutaua nani, mu mwezi wa saba?”

“Hapana mukubwa, exécution ya projet...”

“Na huyu Kambale, responsable? Ndiye chef yenu? Iko wapi?”

Walimpiga siku mbili, na hakujibu. Mguu anaouburuta, ule unaowachekesha watoto wa mtaa, haukutoka kwenye ajali ya pikipiki. Tulikubaliana kusema hivyo, na wewe nilikuambia hivyo. Ni uongo wangu.

Responsable nilikuwa mimi. Kambale wa juu kabisa kwenye karatasi ile alikuwa baba yako.

Wakapanda Alimbongo kumtafuta mkubwa wa kikundi. Walimu walipata habari mapema, wakaingia msituni, kwa sababu walijua kuna orodha na wamo. Lakini kulikuwa na Kambale mmoja ambaye hakukimbia. Hakuwa mwalimu. Alilima viazi, na hakuwa na habari yoyote ya kompyuta wala ya ufadhili, basi alikuwa shambani na jembe lake. Walimwuliza kama yeye ni Kambale. Akasema ndiyo, kwa maana ilikuwa kweli. Walikwenda naye, na hakurudi tena.

Sikumjua. Hata sura yake siijui. Nimejaribu kumtengenezea sura kwa miaka hii yote, na kila mara inatoka yangu.

Mke wake alikuja Butembo barabara ilipofunguka. Aliuliza mjini mpaka akafika kwetu. Alikuja na kimfuko cha viazi, kwani kwetu huendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu, hata mtu huyo akiwa ndiye mimi. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Ingekuwa heri.

“Mwalimu, miye nimekuja kuuliza tu. Jina ya bwana yangu ilikuwa inafanya nini mu karatasi yako?”

“Mama, ile haikuwa jina yake.”

“Ilikuwa ya nani?”

Hapo, Masika, palikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mama yako alikuwa jikoni, aliziweka sufuria zake chini, alikuwa akisikiliza. Nikasema, “Ilikuwa ya Kambale mwingine.”

“Na huyo iko wapi?”

“Sijui, mama.”

Akakiweka kimfuko cha viazi mezani. Kisha akasema, “Basi Mungu amuchunge huyo mwenzake. Asipatwe na yenye ilipata wangu.” Akainuka, akashukuru kwa chai, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Viazi vile tulivila. Nakuambia na hilo ili ujue ni mtu gani anakuandikia.

Jibu la wafadhili lilifika baada ya miezi mingi. Barua ya heshima sana. Walisema mradi ni mzuri, ila faili haijakamilika: orodha haina sahihi, na majina ni mafupi mno, watu hawatambulikani. Nilicheka nikiwa peke yangu chumbani, kicheko kibaya, mpaka mama yako akaja kuangalia.

Tangu siku hiyo sikuandika fomu nyingine. Wenzangu waliomba ufadhili wa maabara, wa vitabu, wa masomo ya mbali, na wengine walipata. Waliponiita nisaidie nilisema chaki inatosha. Unanijua kwa neno hilo, wanafunzi wananitania nalo mpaka leo, Papa Chaki. Walidhani napenda ya zamani. Ulipotaka kusoma informatique, mambo ya kompyuta, nilikwambia fani hiyo haina kazi, ukasoma kwa ubishi, na nilikasirika mwaka mzima. Nilikuwa naogopa tu, nikaiita hofu yangu busara, na watu wakaniheshimu kwa ajili yake. Hilo ni kosa langu la pili, na limechukua miaka mingi kuliko la kwanza.

Nina ushauri mmoja, nami nimeulipia ghali, basi uupokee. Kila ukurasa unaouandika, uandike ukijua utasomwa na watu wawili. Mmoja ameketi mezani ng’ambo, ana kahawa, anatafuta maneno aliyoyazoea. Wa pili amesimama kwenye bariera, mvua inamnyeshea, hajala tangu jana, na ana bunduki. Usimwandikie wa kwanza neno ambalo wa pili atamwua mtu nalo. Groupe cible iache. Sema watoto. Sema walimu wao. Kama mtu wa mezani ataona Kifaransa chako ni cha kijijini, mwache aone hivyo.

Na majina ya watu, mama. Nakuomba uyatoe. Sijui utaweka nini mahali pake, na labda watakunyima ufadhili. Watakunyima, basi. Hao watoto wa Kalunguta

Nimekatisha sentensi hapo, nikasimama. Hofu ilinizidi. Nimefungua kompyuta yako.

Nisamehe. Neno lako la siri nilikuona ukiliandika, ni siku ya kuzaliwa ya mama yako, libadilishe. Nilikusudia kuitafuta orodha na kuifuta, halafu nikuambie baadaye, au nisikuambie kabisa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeamua.

Nimeisoma dosye yako yote. Groupe cible haimo. Exécution haimo. Umeandika watoto, walimu, kazi, mwezi wa kuanza. Kwenye orodha umeweka namba, moja mpaka arobaini, na kwenye kila mstari, mahali pa jina, umeandika kwa Kifaransa rahisi ambacho hata mimi ningekipenda: jina analo mwenyewe. Kijiji, anakijua mwenyewe. Chini umewaeleza wafadhili kwa nini, bila kulia na bila kuomba radhi.

Nimekaa nikajiuliza nani alikufundisha. Kisha nikakumbuka kwamba wiki iliyopita nilikuona dukani kwa Kasereka, mmesimama katikati ya misumari na mabati, mnaongea chini chini, nami nikadhani unanunua kufuli. Uliponikosa mimi ulikwenda kwa mtu aliyejua. Basi unajua habari ya mguu wake. Unajua habari ya kikao. Wiki nzima umekuwa ukinimiminia chai asubuhi na kuniuliza, “Papa, umelala vizuri?” huku ukijua yote. Nimeona haya, Masika, mpaka masikio yamepata moto. Tena nimeona kitu kingine ambacho sikijui jina, labda ni faraja, kwa sababu chai ilikuwa ileile.

Kisha nikafika ukurasa wa mwisho.

Pale wanapouliza responsable hukuweka namba. Umeandika Masika Kighoma Rosette. Majina yote matatu. Mtaa wa Beni utakaokaa, telefone yako, na picha yako ya shati la bluu, unatazama mbele bila kucheka. Arobaini umewaficha, na wewe mwenyewe umesimama wazi hata kipofu anaweza kukupata.

Kidole changu kilikuwa tayari. Ni kazi ndogo: unafuta mawili, linabaki Masika tu. Masika wako elfu. Nilikuwa nimekwisha kufuta Rosette, na nusu ya Kighoma.

Nikaanza kuwafikiria hao Masika wa Beni. Mmoja bila shaka anauza sabuni. Mmoja ana mtoto mgongoni, anarudi kutoka shambani. Watu wakija na karatasi hiyo, watamsimamisha mmojawao na kumwuliza kama yeye ni Masika, naye atasema ndiyo. Halafu mama yake atapanda gari kuja kwetu na kimfuko cha kitu, aketi karibu na mlango, na safari hii akuulize wewe.

Nimeyarudisha majina yako yote, herufi kwa herufi. Nimeyahakikisha mara mbili kama hayana kosa. Hiyo ni kazi ngumu kuliko zote nilizozifanya katika ualimu, nami niliifanya kwa kidole kimoja.

Barabara ikiruhusu, wiki ijayo nitapanda Alimbongo. Sijui kama yule mama bado yupo. Aliniuliza swali, nami jibu ninalo.

Nawasikia njiani, wewe na mama yako, mnacheka na mvua. Sitakuomba ubaki. Nilianza barua hii nikikusudia kukuomba, sasa siwezi. Naogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi, nami nakuambia nenda.

Mimi baba yako,

Kambale Mulengya Firmin, responsable